Mwalimu, mayai yangu yamegoma

Tangi la Uani: majibu kwa wasomaji wanaofuga samaki wa mapambo

Mwezi uliopita niliandika mistari miwili tu, kwamba samaki wangu wachanga wa aina ya gapi nawalisha artemia, vidudu vidogo sana vya maji ya chumvi ninavyoviangua mwenyewe, nikadhani yamekwisha. Barua zilizokuja! Nimechagua tano. Wale wawili mlioniuliza kama artemia ndio uduvi wa mchuzi, jibu lenu ni hapa hapa: sio. Uduvi tunaonunua sokoni ni jamaa wa karibu wa kamba na anatoka baharini. Artemia ni ukoo wa mbali, anaishi kwenye maziwa ya chumvi na mabwawa ya chumvi, na sisi hutufikia akiwa yai kavu ndani ya mkebe.

*Shikamoo Mwalimu. Mwaka jana, mwezi wa tatu, nilinunua mkebe wa mayai ya artemia Dar es Salaam. Mara ya kwanza walitoka wengi, maji yakawa kama yametiwa zafarani. Sasa nikiyatia kwenye maji ya chumvi, siku mbili hakitoki kitu ila harufu. Nimebadilisha chumvi, maana niliambiwa ile yenye madini joto inaua. Wapi. Mkebe uko jikoni, mfuniko wake haukazi vizuri. Tatizo ni nini? (Msomaji, Wete)*

Marahaba, mwanangu. Jibu umeliandika mwenyewe: mkebe uko jikoni, mfuniko haukazi. Na hapo katikati masika imepita.

Yai la artemia likiwa kavu limelala. Ndani mna kiinitete kilichosimamisha kila kitu, hakili wala hakikui, na likibaki kavu linaweza kukaa hivyo miaka. Likipata unyevu kidogo tu wa hewa, yule aliyelala hugeuka ubavu. Anaanza kutumia akiba aliyowekewa ya kutokea, na maji ya kumtoa hayapo. Akiba ikiisha, anafia humo humo. Kwa macho huoni tofauti, ni unga ule ule wa kahawia mfano wa bizari, ndiyo maana watu wanalaumu chumvi.

Najua kwa kuwa nimeshapoteza mkebe mzima. Wangu niliuweka kwenye rafu juu ya jiko la mkaa, kwa hesabu yangu kwamba joto litaukausha. Kila jioni chungu cha wali kikichemka, mvuke unapanda moja kwa moja mpaka kwenye mfuniko. Nimefundisha bayolojia skuli miaka 31 na bado nikafanya hivyo.

Chumvi ya madini joto umeisingizia. Nimeshaangulia ile na ya mawe, chupa mbili zimesimama bega kwa bega, sikuona tofauti.

Kabla hujautupa mkebe, ujaribu mara moja ya mwisho. Tia maji ya chumvi kwenye bilauri, nyunyiza mayai kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kijiti cha meno, weka karibu na taa saa 36. Ukiona hata vidoti kumi vya rangi ya chungwa vinarukaruka, mkebe bado una uhai, ila itabidi uwe unatia mengi. Usipoona kitu, basi.

Ukinunua mwingine, siku hiyo hiyo ugawe kwenye vichupa vidogo vikavu. Mimi natia na punje za mchele uliokaangwa bila mafuta, nimezifunga kwenye kitambaa. Kichupa kimoja cha matumizi, vingine kwenye friji. Na hili watu hulisahau: kichupa kikitoka kwenye friji usikifungue papo hapo. Kiache mezani mpaka kisahau baridi, la sivyo hewa yetu hii itaganda kuwa matone ndani yake na utarudi ulikotoka.

Sasa namna yangu ya kuangua, maana wengine wameuliza pia. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, naikata kitako, naisimamisha kichwa chini ndani ya kopo, kizibo kimekazwa. Mpira mwembamba wa pampu ya hewa unashuka mpaka shingoni, ili mapovu yayainue mayai yasitulie chini. Maji ni vikombe vitatu vya bahari kwa kimoja cha mfereji. Maji ya bahari nayateka yakijaa, mbali na bandari na mbali na michirizi ya mji, nayachuja. Aliye mbali na pwani atie kijiko kimoja na nusu cha chakula cha chumvi kwa kila lita. Maji ya mfereji ya mjini Unguja yamepita kwenye mawe ya matumbawe, ni magumu, na artemia anayapenda hivyo. Ya mvua ndiyo yatakayokuangusha. Ukiwa huna budi, tia chembe ya magadi soda, kiasi cha kushikwa na kucha mbili.

Mayai robo ya kijiko cha chai kwa lita, si zaidi. Utaona ni kidogo, lakini gramu moja tu ina mayai zaidi ya 200,000. Baada ya saa moja au mbili yaangalie kwa lenzi. Yai kavu limebonyea kama mpira ulioishiwa upepo, na likishanywa maji linakuwa mviringo kamili. Hapo linataka mwanga, basi taa iwake karibu. Hita ya nini kwetu? Wakati wa kaskazi vitoto vinatoka kama saa 18, kipupwe subiri siku nzima au na ziada.

Kuvua ndiko kwenye kazi. Zima pampu, subiri dakika kumi. Maganda matupu yanaelea juu, mayai yasiyoanguliwa yanazama shingoni, vitoto viko katikati. Funika sehemu ya juu kwa kipande cha buibui kuukuu, washa tochi ubavuni chini. Vitoto vinafuata mwanga, vinajikusanya pale kama vumbi la rangi ya chungwa, kila chembe inatetemeka kivyake. Vivute kwa mpira hapo hapo kwenye mwanga. Usivute maganda, kwani samaki wa siku mbili akimeza ganda linaweza kumziba tumbo. Uchujie hanchifu. Kifumbu cha tui hakifai, nimejaribu, vitoto vilipita pamoja na maji nikabaki na kifumbu kitupu. Suuza kwa maji ya mfereji, peleka kwenye tangi.

Na wapeleke siku ile ile. Kitoto kikitoka kina kiini cha yai tumboni, na hicho kiini ndicho unachomlisha samaki. Mdomo wake bado haujafanya kazi. Baada ya saa nane mpaka kumi na mbili hivi anajivua gamba, anaanza kutafuta riziki yake, na kiini kinazidi kupungua. Artemia wa juzi ni maji na ganda. Kilichobaki weka kwenye bakuli pana lenye maji ya chumvi, ndani ya friji, siku moja au mbili. Bakuli liandike. Nyumbani kwangu mtu alishalionja akidhani ni juisi ya karoti, na mpaka leo hataki nilitaje jina lake.

*Shikamoo Bibi. Mjomba wangu wa Muscat ameniletea pakiti imeandikwa Sea-Monkeys, na picha ya viumbe wamevaa taji. Nimetia maji kama walivyosema. Vimetoka vidudu vidogo tu, taji sioni. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi wa darasa la sita, Chake Chake)*

Marahaba, mjukuu wangu. Hukukosea, aliyechora picha ndiye aliyekosea. Hao ni artemia. Mmarekani mmoja, Harold von Braunhut, alibuni biashara ya kuwauza kwa watoto mwaka 1957, na jina hilo la nyani wa bahari likaja 1962. Si nyani, wala bahari si kwao. Artemia hawezi kupigana wala kukimbia, baharini samaki wangemmaliza, kwa hiyo anaishi kwenye chumvi kali ambako samaki hamfuati.

Taji huna, lakini una kitu kizuri zaidi. Kikitoka kwenye yai kina jicho moja tu, katikati ya paji. Wakikua wanakuwa na matatu: lile la utotoni na mawili ya pembeni yaliyosimama kwenye vijiti. Tena wanaogelea chali, miguu juu, kuielekea taa. Wape hamira, ncha ya kijiti tu iliyokorogwa kwenye maji, na usiwape tena mpaka maji yarudi kuwa maangavu. Wakiokoka, kama wiki tatu hivi watafika sentimita moja. Kisha niandikie uniambie umehesabu macho mangapi.

*Mwalimu, hujambo? Mie pampu ya hewa sina, na hata ningekuwa nayo, umeme ukikatika usiku si watakufa wote? Nina samaki wachanga wa aina ya beta, hawali chakula cha unga. Au niwafugie viluwiluwi vya mbu? (Msomaji, Jang'ombe)*

Sijambo, dada. Hili nililijifunza kwa shida. Desemba 2009 Unguja nzima iliingia gizani na hatukutoka mpaka Machi 2010. Wenye hoteli waliwasha majenereta. Mimi nilikuwa na vifaranga vya gapi vya siku nne na pampu iliyonyamaza.

Nilichukua sinia. Artemia anataka pampu pale tu maji yanapokuwa na kina na mayai mengi yamerundikana chini. Yatandaze, hewa itawafikia yenyewe. Maji ya chumvi yale yale, kina cha vidole viwili, na mayai ya kubana kwa vidole, unayanyunyiza juu kama unavyonyunyiza iliki. Usiyakoroge. Yatakusanyika ukingoni mwa sinia, yasukume kwa unyoya. Weka penye mwanga, dirishani, bila jua la moja kwa moja, maana sinia la bati juani utawapika. Kesho yake inamisha sinia kidogo, funika upande mmoja kwa gazeti, vitoto vitakimbilia upande wenye mwanga na maganda yatabaki nyuma. Huvipati vyote kama kwenye chupa, lakini beta wachanga wa bakuli moja wanakula nini?

Miezi ile mitatu nilikuwa na masinia mawili, moja la leo na moja la kesho, na wali tulikuwa tunakula kwenye sahani. Gapi walikua. Tangu hapo nina pampu mbili na bado sinia sijalirudisha jikoni.

Viluwiluwi vya mbu, ulivyovitaja mwisho wa barua, beta wakubwa wanavipenda kweli. Ila usivifuge. Ukisahau pipa siku mbili tatu umewapelekea majirani mbu, na Zanzibar imehangaika mno na malaria hata turudi huko kwa ajili ya samaki.

*Assalamu alaykum. Nina majaruba ya chumvi hapa Pemba, kando ya mikoko. Nimesikia mayai ya artemia yanauzwa ghali kuliko chumvi. Nikinunua mkebe mmoja nikaumimina kwenye majaruba, si nitavuna magunia? (Msomaji, Pemba)*

Wa alaykumu s-salaam, bwana. Wazo lako lina watu waliolitangulia. Mkebe ninaoutumia mimi umeandikwa Utah, Marekani, kwenye Ziwa Kuu la Chumvi, ambako mayai huelea juu ya maji na kuvuliwa kama ukoga. Lakini kule Vinh Chau, Vietinamu, wanaovuna ni wenye majaruba kama wewe, na jirani zetu wa Kenya nao waliwapandikiza miaka ya 1980 kwenye mashamba ya chumvi ya kaskazini ya Malindi, Malindi yao, si hii ya bandarini kwetu. Na artemia hula vijimea vinavyochafua maji, kwa hiyo hata chumvi inapata kuwa safi.

Sasa hesabu yako. Artemia anastahimili maji yenye chumvi mara nyingi kuliko bahari, na hiyo ndiyo ngome yake. Kwenye jaruba la kwanza, maji yakiwa bado ni ya bahari tu, samaki wadogo na kaa watamla. Anatakiwa aingie kwenye majaruba ya katikati, ambayo jua limeshayakoza mpaka samaki hawezi kukaa, lakini chumvi bado haijaanza kuganda. Halafu mvua. Masika ikimwaga maji matamu juu ya majaruba, ngome imebomoka. Vinh Chau wanapandikiza upya kila kiangazi kwa sababu hiyo hiyo. Wewe una kaskazi ya miezi michache, na kusi nayo ikikaa vizuri. Magunia siyaoni. Ndoo huenda.

Lingine si la hesabu. Huyu ni mgeni, na mayai yake hupeperuka na upepo na hushika miguuni mwa ndege. Ukishawamimina huwezi kuwaita warudi. Nenda kwanza Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, uliza kibali, na uliza kwa maandishi. Wakikukubalia, mimi mteja wako wa kwanza, maana mkebe wa kutoka nje bei yake inauma.

*Mwalimu, shikamoo. Nina shamba la mpunga kwenye bonde huku Unguja. Kila masika mtaro wa pembeni ukijaa, baada ya wiki chache wanangu wanavua visamaki vidogo, urefu wa kidole, madume wana mkia mwekundu na mwili unaong'aa kijani na buluu, majike rangi ya tope. Mtaro hauna njia ya mto wala bahari, na kiangazi unakauka mpaka unapasuka. Wazee wanasema wanateremka na mvua. Tumejaribu kuwafuga, wanataga, lakini watoto hatujawahi kuwaona. Je, artemia watafaa? (Msomaji, Unguja)*

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya mwisho niliwasomea walioko nyumbani kwa sauti.

Kwa unavyowaeleza, nadhani una Nothobranchius guentheri. Mjerumani Pfeffer alimwandika kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1893, na kwa asili anaishi Unguja tu. Pemba hayupo, bara hayupo. Wafugaji wa samaki Ulaya na Marekani wanaye kwenye matangi yao miaka mingi sasa, wanabadilishana mayai yake kwa posta, na sisi wenye mtaro tunampita tukienda kupalilia.

Wazee wamekaribia. Havitoki mbinguni, lakini mvua ndiyo inayoviita. Jike hutaga ndani ya tope la chini, mtaro ukikauka wakubwa wote wanakufa, na mayai yanabaki ndani ya tope lililopasuka, yamelala, mpaka masika nyingine. Kama artemia wangu wa kwenye mkebe, ila huyu hataki ukavu wa mkebe, anataka unyevu wa tope.

Ndiyo maana watoto hamkuwaona. Mayai mliyaacha kwenye maji yakimngoja mtu ayakaushe. Fanya hivi: wachukue dume mmoja na majike wawili, wengine waache mtaroni. Kwenye ndoo yao weka bakuli lenye unga wa makumbi ya nazi, uliochemshwa na kusuuzwa mpaka maji yake yasiwe mekundu tena. Watataga humo. Baada ya wiki moja au mbili toa makumbi, yakamue kwa mkono kama unavyokamua nazi lakini kwa huruma, yabaki na unyevu wa tumbaku ya kutafuna. Yafunge kwenye mfuko wa plastiki, andika tarehe, weka kabatini. Wiki kadhaa hadi miezi mitatu, pengine na zaidi, kutegemea joto. Chambua kidogo kidogo kwa lenzi. Yai likiwa tayari utaona macho mawili yenye duara linalong'aa yanakutazama.

Hapo artemia ndio wenye kazi. Watoto hawa wakitoka wanataka kula siku hiyo hiyo, na vitoto vya artemia vinawaingia mdomoni tangu mwanzo. Chakula cha unga hawakitambui, wanataka kinachotikisika. Basi usiloweshe makumbi kwanza halafu ndiyo uanze kutafuta mkebe. Siku utakayoona macho, saa kumi na mbili jioni tia mayai ya artemia kwenye chupa au sinia, lala. Asubuhi yake mwaga makumbi kwenye beseni, maji ya mvua ya baridi kidogo, kina cha vidole vinne. Adhuhuri utawaona wamelala chini kama vijinywele. Alasiri wataanza kuogelea, na artemia wako watakuwa wametoka.